Pete ya Siku ya Kliniki

Muuguzi aliyenitukana kuliko mtu mwingine yeyote maishani mwangu ndiye ninayemheshimu kupita wengi walionibembeleza. Alifanya kazi katika kliniki ya watoto karibu na kwetu Mowlem, mashariki mwa Nairobi, miaka ya tisini, wakati mimi nilikuwa mama mbichi mwenye mtoto wa kwanza na mdomo usiojua kukaa kimya. Sote tulimwita sista. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake iliwafikia hata waliokuwa bado barabarani. "Mama, mtoto umemfunga kama gunia la makaa! Mfungue apumue!" Ukisikia hivyo ukiwa kwenye benchi unaanza kumvua wako sweta kabla zamu yako haijafika.

Jambo moja lilitushinda kulielewa, nalo ni salamu yake. Barabarani alikupita kwa kutikisa kichwa tu. Lakini ukiingia chumbani mwake alisimama, akanyoosha mkono, akaupokea wako, na hakuuachia. Aliushika huku anauliza habari za nyumbani, mmelalaje, mtoto ananyonyaje, na dole gumba lake likitembea taratibu kati ya vidole vyako. Kisha aliugeuza mkono kiganja juu, akauachia, akaketi. Baada ya hapo ndipo matusi yalipoanza.

Wanawake wa Eastlands hawawezi kuliacha jambo kama hilo bila maelezo. Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga maelezo yalikuwa tayari yamepatikana kabla mimi sijahamia. Sista, niliambiwa, anatafuta pete. Hapendi wasichana wanaozaa kabla ya ndoa. Akipapasa vidole akakosa pete, siku yako imeharibika.

Nilicheka, lakini cheko langu lilikuwa la mtu asiye na pete. Mimi na baba ya mtoto tulikuwa tunakaa tu, bila kanisa na bila mahari. Yeye alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni, mimi msichana wa Makadara niliyekuwa nimefunga mzigo wangu siku moja na kumfuata. Ploti nzima ilikuwa hivyo hivyo, vyumba vilivyotazamana, mfereji mmoja katikati, kamba za nguo juu ya vichwa vyetu, na wanawake wengi ambao harusi yao ilikuwa bado inapangwa tangu mtoto wa kwanza hadi wa tatu.

Mwenye pete halali alikuwa mmoja. Alikuwa Mwislamu, mama wa watoto wakubwa, aliyeuza viatu vya ngozi sokoni Kariokor, na chumba chake kilipakana na changu. Pete yake ilikuwa ya fedha, yenye jiwe dogo la kijani lililomomonyoka pembeni. Siku za kliniki alituazima bila kinyongo. "Nenda na mume wangu wa kidoleni," alisema huku anaivua, "lakini umrudishe kabla ya chakula cha mchana." Tuliivaa mkono wa kulia, mkono wa salamu, ili isipitwe. Kwangu ilinibana, lakini niliisukuma ikaingia.

Sasa nije kwa mtoto wangu. Alizaliwa msichana, akapewa jina la mama yake mama mkwe, marehemu. Kwa desturi yao huko magharibi, jina likirudi mtu amerudi, kwa hiyo mama mkwe alimwita "mama yangu", na hakuwa anatania. Alikuja Nairobi baada ya mimi kujifungua, akakaa nasi mwezi na ushei. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache, mjane aliyezoea kulima peke yake. Usiku alilala na mtoto kifuani ili mimi nipumzike. Sikumpenda sana, na nadhani naye alinipima akaniona mwepesi, lakini kwa usingizi ule alionipa nilimshukuru na bado namshukuru.

Aliporudi kwao, mtoto akaanza kuwashwa.

Mwanzoni ilikuwa vipele vidogo tumboni na kwapani. Ploti ikaketi kama baraza. Mmoja alisema ni moto, yaani joto la mwilini linatoka. Mwingine alisema ni alaji, yaani mzio wa chakula, punguza mayai unayokula. Mwingine alisema ni maji ya mfereji. Mume wangu alisema ni sabuni, kisha akakumbuka sabuni yenyewe anaitengeneza yeye, akanyamaza. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno upele. Kwetu neno hilo halikuwa jina la ugonjwa, lilikuwa jina la uchafu. Watoto wakitukanana nje walilitumia, na mama wa aliyetukanwa alitoka na mwiko.

Mimi nilikuwa na wivu wa usafi. Mtoto wangu aoge mara nyingi kuliko wa wengine, maji yake yatiwe dawa ya kuua viini, nguo zake zichemshwe. Kadiri alivyojikuna ndivyo nilivyomsugua, na kadiri nilivyomsugua ndivyo ngozi ilivyokauka kama karatasi. Nilimvika soksi mikononi asijitoe damu. Jirani mmoja akanipa tyubu ya mafuta aliyojipaka usoni kung'aa. "Paka kidogo tu, utaona maajabu." Nikaona maajabu kweli. Vipele vilififia, ngozi ikalainika, ila mtoto aliendelea kulia na kujisugua kwenye shuka. Nikadhani sasa ni tabia.

Kipindi hicho ndipo habari zilipofika ushago, kijijini kwa mama mkwe. Mwenzake mume wangu kiwandani alikwenda kwao likizo, akarudi na ujumbe wa mdomo, akautoa mlangoni kwetu akiwa amesimama, kofia mkononi. "Mathe anasema ameskia mtoi anaumwa ngozi. Mahindi yakishavunwa anakuja kumchukua mama yake. Anasema mama yake hawezi kuozea Nairobi."

Nilimgeukia mume wangu nikitarajia akatae. Akasema, "Si ni kwa muda tu, apate hewa safi?" Nilimrushia mwiko. Haukumpata. Nililia siku ile kwa hasira na kwa hofu pia, kwa sababu nilijua nina nguvu kidogo. Msichana asiyetolewa mahari, mtoto amejaa vipele, na mama mkwe mwenye shamba, ng'ombe na maji ya chemchemi. Nani angenitetea? Nikaapa mtoto atapona kabla ya mahindi.

Nikaenda kliniki, pete kidoleni. Salamu ikaenda kama kawaida, dole gumba likapita, likaigusa pete, likaendelea. Sista akamvua mtoto nguo zote, hata soksi, akampeleka dirishani.

Hapa lazima niseme namna alivyotazama ngozi, maana sijaona tena. Hakuanza kwa macho. Alifumba macho, akampapasa mtoto kwa migongo ya vidole, shingoni, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti, hadi nyayo. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alikuwa ametufundisha sote pale nje kwenye benchi. "Vitabu vinasema tafuteni wekundu. Mimi nimekaa hapa miaka, sijamwona mtoto mwekundu Mowlem! Ngozi yetu haisemi kwa rangi, inasema ukiigusa. Harara ya joto ni chembechembe shingoni na kwenye mikunjo, mpunguzie nguo itaisha. Ukurutu ni mkavu, unakwaruza, unapenda mashavu na viwiko, na mara nyingi kuna mtu wa pumu katika ukoo. Choa ni duara lenye ukingo. Mkijua mnachogusa hamtapaka kila kitu mnachopewa." Wanawake walicheka, lakini niliwaona wakipapasa watoto wao chini ya leso.

Kwangu alipapasa kwa muda mrefu, akafumbua macho, akakunja uso. "Ngozi hii ni laini kupita kiasi. Unampaka nini?"

"Mafuta, sista."

"Mafuta gani?"

"Ya kawaida tu."

Akaninusa. Ndiyo, mimi, sio mtoto. Kisha akasema, "Kuna kitu kinajificha hapa na wewe unakisaidia kujificha. Nenda. Usimpake chochote, hata mafuta ya mgando. Usimsugue na hiyo dawa yako ya vyoo. Rudi wiki ijayo nione ngozi yenyewe."

Niliondoka nimefura. Mtoto analia, mahindi yanakauka huko magharibi, na huyu ananiambia nisifanye kitu! Njia nzima nilimjibu kwa sauti, watu wakanitazama. Lakini niliitupa tyubu. Sijui kwa nini nilimtii. Nadhani ni vile alivyokuwa amefumba macho.

Siku chache hazikupita, ngozi ikalipuka. Vipele vilitoka viganjani, nyayoni, kati ya vidole vya miguu, vingine vikiwa na usaha. Mtoto hakulala, nami sikulala. Siku ya kurudi kliniki ilipofika nilikuwa mtu wa kusukumwa na upepo, lakini pete sikuisahau. Niliipitia kwa jirani, nikaisukuma kidoleni kwa nguvu kwa sababu kidole nacho kilikuwa kimevimba.

Sista akasimama, akanyoosha mkono. Dole gumba likaanza safari yake, likagonga pete, likasimama.

"Hii pete naijua," alisema.

Nikajifanya namtuliza mtoto.

"Jiwe la kijani, limemomonyoka. Imenisalimia mara nyingi kuliko wewe. Mnaikodisha?"

"Ni ya jirani, sista. Hutuazima siku za kliniki."

"Ya nini?"

Uchovu ulikuwa umenimaliza hata uongo ukanikataa. Nikamwambia yote. Kwamba wanawake wanajua anashika mikono akitafuta pete, kwamba hapendi waliozaa bila ndoa, kwamba asiye na pete hutukanwa zaidi.

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka mwenzake akachungulia mlangoni, akacheka mpaka akashika meza. Akaniinulia mikono yake miwili mbele ya uso. "Tazama! Mimi mwenyewe iko wapi?"

Haikuwepo. Miaka yote ile ploti nzima ilikuwa imeshikwa mkono na mwanamke asiye na pete, na hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia mkono wake. Kila mtu alikuwa anafikiria wa kwake.

"Natafuta upele, wewe!" alisema akijifuta machozi. "Unakaa hapa, kati ya vidole. Nikimwambia mama, nionyeshe mikono nione kama una upele, atabeba mtoto wake aende asirudi. Lakini nani anakataa salamu? Itoe hiyo pete."

Haikutoka. Akaleta sabuni, akanishika kifundo, akaivuta akizungusha, nikapiga kelele kuliko mtoto. Ilipotoka, pale ilipokuwa imekaa, pembeni ya kidole, kulikuwa na kistari chembamba kilichopinda, kama uzi uliopotea chini ya ngozi, na kipele mwishoni. Pete ilikuwa imekifunika vizuri kabisa. Akachukua unyayo wa mtoto, akanionyesha kistari cha namna ile ile.

"Umeona? Mtoto haugui huu peke yake. Ndiyo maana huanza na mama."

Nikaanza kulia. "Mimi si mchafu, sista. Naapa. Mtoto huyu anaoga kuliko—"

"Nani amekwambia upele unaogopa maji?" alinikatiza, na mara hii hakufoka. "Ni mdudu mdogo usiyeweza kumwona. Anachotaka ni joto la mtu aliyelala karibu na mtu. Nyumba zinazopendana ndizo zinazoupata. Sasa niambie, nani analala na mtoto?"

"Mimi na baba yake. Na nyanya yake alipokuja."

"Alipoondoka ndipo ilipoanza?"

Sikuwa nimewahi kuliona hilo. Sista hakulisemea zaidi, akauliza tu kuhusu tyubu, nikamweleza. Akasema mafuta kama yale huituliza ngozi iseme uongo, huku mdudu anaendelea kujichimbia.

Akanipa mafuta ya salfa kwa ajili ya mtoto, ya manjano, yananuka kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na dawa ya zambarau ya kupaka penye usaha. Akaniambia watu wazima wote wa nyumba wapake ile dawa nyeupe ya duka la dawa, kuanzia shingoni hadi nyayo, wasiache kati ya vidole wala chini ya kucha, na mashuka na nguo zifuliwe kwa maji moto zianikwe juani siku hiyo hiyo. Mtoto apakwe hata nyayo na kichwa, nisiguse macho wala mdomo, avae soksi mikononi asilambe. Akipata homa nimrudishe mbio. "Na pete haiambukizi upele," alimalizia, "lakini wanaoazimana pete huazimana leso, mashuka na kubebeana watoto. Pakeni wote siku moja. Mkipaka mmoja mmoja mtazungushiana kama mlivyozungusha hii." Akaniwekea pete kiganjani.

Ilibaki kazi ya kuwaambia wenzangu. Nilikaa na jambo hilo tumboni mchana kutwa. Anayesema kwanza ndiye aliyeleta, hiyo ndiyo sheria ya ploti. Jioni nilimrudishia jirani pete yake na kumnong'oneza. Aliitazama pete, akatazama mikono yake, akaikuna hapo hapo kana kwamba alikuwa amepewa ruhusa.

"Kumbe mume wangu wa kidoleni alikuwa ananifichia mambo," alisema.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Alikwenda mferejini, mahali ambapo wanawake wote walikuwa wanateka maji, akaweka ndoo chini, akasema kwa sauti ya sokoni, "Jamani, mimi nina upele. Wazee walisema Mungu humpa upele asiye na kucha, lakini hapa naona kucha zote zinafanya kazi. Jumapili napaka dawa mimi na nyumba yangu yote. Mwenye kujikuna kwa siri ajitokeze tumalize."

Yule wa moto akatoa mkono wake kwenye maji akautazama. Yule wa alaji akasema, "Hata mimi hapa kwa kiuno..." na baada ya hapo ikawa kicheko na kuonyeshana. Mwanamke yule alikuwa na ndoa halali, pete halali na jina zuri, na alilichukua neno chafu akalivaa kwanza ili sisi wengine tupite nyuma yake. Nampenda kwa hilo mpaka leo.

Jumapili ile ploti yetu ilinuka hadi barabarani. Tulichagua Jumapili kwa sababu wanaume walikuwa nyumbani. Mashuka yalijaa kamba zote, makarai yalifuka mvuke, na ndani ya vyumba dawa nyeupe ilikuwa inawachoma wenye vidonda. Mume wangu alitoka mbio kifua wazi akijipepea kwa gazeti. "Buda, hii kitu inachoma kishenzi!" Wa chumba cha pili akamjibu kutoka ndani, "Niaje sasa, wewe si mtu wa sabuni? Vumilia!" Mtoto wangu aling'aa manjano kuanzia utosini, soksi mikononi, macho tu yakizunguka kutushangaa.

Siku zilizofuata alilala. Sijui niseme nini zaidi. Mtoto alilala, nami nikakaa kando nikamtazama nikisahau kwamba nami nina usingizi.

Sista alikuwa amenionya kwamba mwasho ungeendelea kwa muda hata wadudu wakifa, nisiogope nikaanza kupaka kila siku. Na mama mkwe alichagua kufika wakati huo huo. Aliingia na kuku, na mahindi mapya, na uso uliokuwa tayari umeamua. Akampokea mtoto, akamwona anajisugua bega, akaona madoa ya zambarau miguuni. Hakupandisha sauti.

"Kesho naenda na mama yangu," alisema.

"Anapona, mama. Waulize wote hapa."

"Naona."

Mume wangu alitazama sakafu. Nikaona nikigombana nimeshindwa, kwa hiyo nikaomba jambo moja tu, twende kwanza kliniki, sista amwone mtoto kabla hajasafiri. Alikubali haraka. Nadhani alitaka kusikia kwa masikio yake muuguzi akisema maji ya Nairobi hayafai.

Kliniki, sista alisimama. Akanyoosha mkono. "Karibu, mama. Habari ya safari? Mvua huko mmepata?" Mama mkwe akampa mkono, na sista akaushika, mkono mgumu wa jembe, dole gumba likapita polepole kati ya vidole. Mama mkwe alinitupia jicho la kusema, unaona heshima? Hivi ndivyo mkubwa anavyosalimiwa. Mimi nilikuwa naangalia dole gumba. Lilisimama. Likarudi nyuma. Likasimama tena.

Nilijua. Na damu yangu ikapanda. Miezi yote ile ya kuonwa mwepesi, ya kutishiwa kunyang'anywa mtoto, na kumbe ni kutoka kwake! Maneno yalinifika kwenye meno. Ni wewe, mama. Ni wewe uliyemletea. Sista akanitazama mara moja tu, kwa jicho ambalo halikuhitaji tafsiri, nikayameza.

Akamgeuza mama mkwe kiganja juu, hakukiachia. Akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, ya chini, "Mama, unawashwa tangu lini?"

Mama mkwe akataka kuuvuta mkono. Sista hakuuachia.

"Mimi ni mzee," alisema mama mkwe. "Wazee huwashwa."

"Hapana. Hii ina dawa. Ploti yao yote imepaka, hata wenye pete. Haina mwenyewe na haina aibu. Lakini lazima ipakwe mwili mzima, na mgongo mtu hawezi kujipaka." Akamtazama usoni. "Huko nyumbani, nani anakupaka mgongo?"

Aliangalia dirishani. Akamshika mtoto vizuri zaidi, akasema, "Sina mtu."

Hasira yangu ilinitoka yote pale pale, nikabaki mtupu. Nilimwona kule kwake, nyumba tupu, mahindi ghalani, akijikuna mgongo kwenye mwimo wa mlango gizani, bila mtu wa kumuuliza ana nini. Na mwezi ule aliokaa kwetu, mtoto kifuani, ndio pekee aliolala na mtu karibu. Wala hakuwa amekuja kuniadhibu. Alikuwa amekuja kumfuata mama yake.

"Nitampaka mimi," nilisema.

Jioni hiyo nilimtuma mume wangu atoke nje, nikafunga pazia. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda akinipa mgongo, leso kiunoni, ameshikilia ukingo wa kitanda kwa haya. Mgongo ulikuwa na makovu ya mahali alipojikuna kwa gunzi la mahindi. Niliimimina dawa kiganjani, ikapata joto kidogo, nikaanza mabegani. Nilipapasa nimefumba macho, kama nilivyoona. Dawa ilimchoma, akavuta pumzi. Mtoto alikuwa kitandani mbele yake, akirusha miguu hewani.

"Hapo," alisema hatimaye. "Hapo hapo. Hapo sijawahi kufika."

Nikapaka hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilipomaliza, hakugeuka. Alinyoosha kidole, mtoto akakidaka kwa mkono wenye soksi.

"Mama yangu abaki na mama yake," alisema. "Lakini msinitumie watu wa kunieleza habari zenu mlangoni. Mje wenyewe."

Tulikwenda mwezi wa Disemba, na nilibeba chupa ya dawa ingawa hakuihitaji tena. Alitupokea njiani, akampa mume wangu mkono, kisha akanipa mimi. Sote wawili tukajikuta tumeshikana kwa muda mrefu, dole gumba langu kati ya vidole vyake, na lake kati ya vyangu.